Chini ya Rangi Kuna Nini? Hotuba kwa Mafundi Bodi na Wenye Magari ya Kale

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi bodi, vijana wanaojifunza ufundi na wenye magari ya kale waliokusanyika Gerezani, Dar es Salaam. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa gereji, wenye magari mliotoka Masaki, Mbezi na Kigamboni, na ninyi vijana wetu mnaojifunza kazi: wanaostahili shikamoo, shikamooni; wengine, habari za asubuhi. Kwa kuwa walionitangulia wamekwisha kuzingatia itifaki, naomba niingie moja kwa moja katika jambo lililotuleta hapa, nalo ni bodi ya gari la michezo la kale: namna ya kuifufua, na namna ya kuipaka rangi katika mji huu wetu wenye joto, unyevu na chumvi.

Nimeombwa nizungumzie rangi. Nitaizungumzia, lakini wanaonifahamu wanajua kwamba nitachelewa kufika huko, na nachelewa makusudi. Mteja akiingia gereji na gari la kale, swali lake la kwanza ni lipi? "Fundi, rangi shilingi ngapi?" Nani kati yenu, mafundi wenzangu, amewahi kupokea mteja aliyeanza kwa kuuliza bati lina hali gani? Sioni mkono. Basi nasema mapema, na nitalirudia mpaka mnichoke: rangi haizibi, rangi haibebi, rangi hainyooshi. Karibu kila kitu ambacho watu hukisifia katika gari lililofufuliwa vizuri kilifanyika kabla rangi haijakorogwa, na mwenye gari asiyetaka kukilipia hicho asichokiona atakilipia baadaye kwa bei ya juu.

Ili tusizungumze hewani, nimechagua gari moja liwe mfano wetu, Datsun 240Z. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilipofika miaka ya 1970 jina la gari hili lilikuwa midomoni mwa watoto wa Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo akiwa na Lofty Drews. Ni gari la Kijapani lililoanza kutengenezwa mwaka 1969, lenye injini ya silinda 6 ya lita 2.4, boneti ndefu na mkia mfupi. Watu husema gari lililoyashinda matope na mawe ya Safari haliwezi kushindwa na kitu. Wanasahau kwamba magari yale ya mashindano yalijengwa kuteswa kwa siku chache, ilhali wewe unataka la kwako likae miaka 30 mingine kando ya Bahari ya Hindi. Kwangu mimi, huo ndio mtihani mgumu zaidi.

Tuanze na bati.

240Z si Land Rover. Land Rover ya kale ina chasisi inayojitegemea, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Ukiiondoa bodi yote, chasisi inabaki imesimama juu ya magurudumu yake. 240Z, kama yalivyo magari mengi ya michezo ya miaka ile, haina chasisi ya namna hiyo, kwa sababu bodi yenyewe ndiyo chasisi. Sakafu, nguzo za paa, zile njia mbili za bati lililokunjwa zinazobeba injini, na vizingiti vya milango, yaani yale maboksi marefu ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, vyote vinashikana na kubebana. Kwa hiyo kizingiti kikioza, msione kwamba ni sura ya gari iliyoharibika. Gari limepoteza sehemu ya nguvu zake za kusimama.

Na kutu ya gari hili ina makao yake yanayojulikana. Ipo chini ya betri, mahali asidi inapodondokea. Ipo kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na katika kile kipande cha bati kilicho kati ya mlango na tao. Ipo kwenye sakafu chini ya zulia, kwenye shimo la tairi la akiba, na kwenye ukingo ambapo mlango wa nyuma unakalia. Ipo pia katika mfereji ulio mbele ya kioo cha mbele, na hapo mji wetu una mchango wake: gari likiegeshwa chini ya mwarobaini, majani madogo huteremka kupitia matundu ya hewa, huziba njia ya maji, na maji hukaa ndani yakila bati kimyakimya kutoka upande ambao hakuna jicho linalofika.

Utayajuaje haya wakati gari limepakwa rangi na linang'aa? Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa chembamba isikwaruze, ipitishe taratibu kwenye mwili wa gari. Pale inapoacha kushika, hakuna bati karibu, kuna pati, yaani ule udongo wa kujazia mabonde ya bati. Mwenye kipimo cha unene wa rangi ana bahati zaidi: rangi ya kiwandani kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150 hivi, na milimita moja ni mikroni 1,000, kwa hiyo kipimo kikikuonyesha 1,500 unajua umesimama juu ya nini. Kisha lala chini ya gari na bisibisi mkononi. Pale inapozama bila kutumia nguvu, weka alama ya chaki. Ukimaliza, mwite mwenye gari aje azione chaki hizo kabla hamjataja bei yoyote.

Sasa nisikilizeni kisa hiki, maana kina hesabu ndani yake.

Kuna 240Z iliyoletwa kwangu juu ya lori kutoka gereji nyingine, ambayo sitaitaja. Mafundi wa huko waligundua kwamba kizingiti cha kushoto kimeoza, na katika hilo walikuwa sahihi. Wakakikata chote kwa mara moja, huku gari likiwa limekaa juu ya stendi za mbele na za nyuma, milango imetolewa, na hakuna hata kipande kimoja cha chuma kilichounganisha nguzo ya mbele ya mlango na ile ya nyuma. Mnajua kilichotokea? Gari lilibonyea katikati kama kitanda cha kamba. Halikuanguka; laiti lingeanguka, wangeshtuka. Lilishuka kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikukiona, nao wakachomelea kizingiti kipya juu ya upotofu huo, wakaweka pati, wakapuliza rangi nyekundu ya kuvutia sana. Siku ya kurudisha mlango, mlango haukufunga. Ukitazama nafasi kati ya mlango na nguzo ya nyuma, juu ilikuwa haipitishi hata kipande cha karatasi, na chini kidole kinaingia. Wakafanya nini? Wakachukua grainda, wakausaga mlango.

Mlango, ndugu zangu! Mlango ndio ulikuwa kitu pekee upande ule kilichobaki na umbo la kiwandani, na ndio walioukata.

Ilibidi tuondoe rangi yote mpya, tukikate kizingiti kile kipya, na tuanze upya. Tuliliweka gari kwenye stendi zilizokaa chini ya sehemu zinazobeba uzito, tukaliinua katikati kidogo kidogo kwa jeki, huku tukipima upana wa nafasi ya mlango kwa mshazari, kona hadi kona, na kulinganisha na upande wa kulia ambao haukuguswa. Vipimo vya pande mbili vilipolingana, tukachomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na la pili kwa mshazari. Hapo ndipo kizingiti kilipowekwa, kikashikizwa kwa nukta chache, mlango ukatundikwa, ukafungwa na kufunguliwa, nafasi ikatazamwa juu na chini, na baada ya hapo ndipo tukachomelea moja kwa moja. Vijana, andikeni mpangilio huu: shikilia, pima, kisha kata. Upande mmoja kwa wakati. Na mlango utundikwe kabla ya kuchomelea kwa mwisho, usisubiri rangi ikauke ndipo uulize kama unafunga.

Kuhusu kuchomelea nitasema machache, kwa kuwa wengi wenu ni hodari kuliko mimi. Bati la magari haya lina unene wa karibu milimita 0.8. Ukivuta mstari mrefu wa moto kwenye bati jembamba hivyo, litajikunja na kuvimba, na hutaweza kulirudisha kwa nyundo siku nzima. Piga nukta moja, ruka, piga nyingine mbali nayo, acha ipoe, rudi katikati. Na viraka vikutane ukingo kwa ukingo. Kiraka kilicholaliwa juu ya bati la zamani huacha mfuko mwembamba katikati, na mfuko huo hujaa maji katika masika ya kwanza.

Mtaniuliza, je, pati ni haramu? Hapana. Simchukii pati, namchukia anayempa kazi isiyo yake. Bati likishanyooshwa kwa nyundo na chuma cha kuegemeza nyuma, pale lilipovutika likirudishwa kwa joto na kitambaa chenye maji, pati nyembamba isiyozidi milimita 3 huondoa vijidosari vya mwisho, na hata magari ya gharama kubwa duniani yanayo. Lakini pati huvuta unyevu. Ukiiweka juu ya tundu la kutu, umeweka sifongo juu ya jeraha la chuma, na wahenga walishasema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Gereji zetu zimejaa magari yaliyoumbuliwa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo hasa la Dar es Salaam, na ambalo hamtalikuta katika maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Uingereza au Marekani. Nalo ni maji.

Palikuwa na MGB, gari la Kiingereza la viti viwili, ambalo mwenyewe anaishi Msasani, karibu sana na bahari. Lilipakwa rangi katika kiangazi, na lilipotoka lilikuwa zuri kwelikweli. Mimi mwenyewe nililitazama nikakosa la kusema. Masika yakaja. Kabla mvua hazijakatika, boneti na juu ya madigadi pakatokea malengelenge madogo, mamia kwa mamia, yamejipanga hasa pale pati ilipokuwa imesuguliwa sana. Mwenye gari akamlaumu muuza rangi. Muuza rangi akaulaumu mchanganyiko wa hadena, ile dawa inayochanganywa na rangi ili igande. Fundi akalilaumu jua. Nilipoitwa nitazame, nilitoboa lengelenge moja kwa sindano, likatoa tone la maji. Rangi ilikuwa nzuri. Hadena ilikuwa sahihi. Thina ilikuwa sahihi. Swali likabaki moja tu, na ndilo ambalo hakuna aliyeliuliza: walisugulia msasa kwa maji gani?

Kila mkazi wa mji huu anajua jibu bila kwenda maabara. Visima vingi vya sehemu zetu za karibu na pwani hutoa maji ya chumvi. Tunayafulia, na sabuni haitoi povu. Tunaoshea magari. Na tunaloweka msasa ndani yake, tunasugua praima, yaani rangi ya msingi, tunafuta kwa kitambaa, maji yanakauka, na chumvi inabaki palepale ikiwa haionekani. Juu yake tunapuliza rangi. Sasa rangi, hata iliyo bora, si kioo. Unyevu hupenya kidogo kidogo. Chumvi iliyofungiwa chini huuvuta unyevu huo kama ilivyo tabia yake, maji hujikusanya mahali pale, husukuma rangi juu, na lengelenge huzaliwa. Likifika kwenye bati, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, rangi huinuliwa zaidi na kupasuka. Gari lile lilivuliwa rangi yote hadi bati. Kazi ya miezi ikaharibiwa na ndoo ya maji.

Kwa hiyo naomba tukubaliane leo. Gari likiingia gereji, lioshwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, juu, chini na ndani ya matao, kabla msasa wa kwanza haujaligusa, kwa sababu ukisugua gari lenye vumbi la bahari unaisukuma chumvi ndani ya mikwaruzo. Maji ya bomba, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, yatengwe kwa kazi ya bodi peke yake. Suuza ya mwisho kwenye sehemu ndogo zilizo wazi tumieni maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na asidi, yanauzwa kila duka la vipuri. Pati isuguliwe kavu, vumbi livutwe kwa mashine, tusiiloweshe kabisa. Na bati likishakuwa tupu, msiliguse kwa mikono mitupu. Jasho nalo lina chumvi. Nimeona alama za vidole vitano zikitokea kama kutu juu ya mlango uliolala usiku mmoja bila kufunikwa. Vaeni glavu. Bati lililovuliwa asubuhi lipate praima ya epoksi siku hiyohiyo kabla jua halijazama, maana katika unyevu wetu bati tupu halisubiri kesho.

Neno moja la haraka kuhusu kuvua rangi kwa kupuliza mchanga. Unafaa kwa vipande vinene na kona. Msiupeleke kwenye boneti ya 240Z, ambayo ni pana na nyembamba: nguvu ya mchanga hulivuta bati na kulipinda, na hamtalinyoosha tena. Tumieni dawa ya kuvulia rangi na uvumilivu.

Naam, sasa rangi. Niliahidi nitafika.

Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hasa asubuhi, na fundi asiyeusoma unyevu anacheza bahati nasibu. Kanuni ni kwamba bati liwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3. Maana yake nini? Chukueni asubuhi ambayo hewa ina nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Umande hapo huanza kujikusanya kwenye kitu chenye nyuzi 24 hivi. Bati lililolala usiku kucha chini ya paa linaweza kuwa bado na nyuzi 25. Kwa macho ni kavu. Kwa kiganja ni kavu. Lakini halifai, kwa sababu thina inapoyeyuka hulipoza zaidi, na maji ya hewani hutua ndani ya rangi. Subirini hadi bati lifike nyuzi 27 na zaidi, jambo ambalo mara nyingi hutokea asubuhi ikishapanda. Kipimo cha unyevu na kipimo cha joto si ghali, na vikae ukutani penye kuonekana. Wenye uwezo wa kuchagua majira, wachague kipupwe, Juni hadi Agosti, mvua zimekwisha na hewa ni kavu kiasi. Kupaka gari la thamani katikati ya Aprili bila chumba kilichofungwa ni ukaidi.

Adui wa pili yumo ndani ya kompresa. Kompresa huikamua hewa, na hewa yetu ikikamuliwa hutoa maji. Fungueni koki ya chini ya tangi kila asubuhi mwone yanayotoka. Ni ya rangi ya chai, yamechanganyika na mafuta na kutu. Hayo ndiyo mnayotaka kumpulizia mteja? Wekeni kichujio, na kiwe mbali na kompresa, si karibu nayo, ili hewa ipate nafasi ya kupoa bombani na kuacha maji kabla ya kufika kwenye kichujio. Na mwenye kung'arisha matairi na dashibodi kwa dawa zenye silikoni afanyie shughuli hiyo barabarani. Chembe ndogo tu ya silikoni ikitua kwenye bati, rangi huikimbia na kuacha vishimo vya duara.

Kuhusu aina ya rangi, najua hapa wapo tusiokubaliana. Magari mengi ya zamani yalipakwa rangi za selulosi. Kampuni ya Du Pont ilipoanza kuuza rangi yake ya selulosi, Duco, mwaka 1923, viwanda vya magari vilishangilia, kwa kuwa kazi iliyokuwa ikichukua wiki kukauka ilianza kukauka kwa saa. Selulosi ina mng'ao wa kina unaopendeza, na wapo wakereketwa wanaosema kwamba gari la selulosi lipakwe selulosi daima. Nawaheshimu. Lakini katika unyevu wetu selulosi hugeuka nyeupe kama maziwa mkononi mwako, kwa sababu ile niliyoieleza ya thina na umande, na jua letu huichosha mapema. Ushauri wangu kwa mwenye gari wa pwani, na nautoa bila kuona haya, ni rangi ya kisasa ya hadena, ya tabaka moja bila klia, ile rangi angavu ya kung'arishia, juu pale ambapo rangi ya asili haikuwa ya metali. Itamvumilia, na ikisuguliwa kwa msasa laini wa namba 2000 na kung'arishwa haitakuwa na ule mng'ao wa kioo uliopita kiasi, unaolifanya gari la mwaka 1971 lionekane limetoka dukani jana. Thina iwe ya taratibu, ile ya nchi za joto. Thina ya haraka hukausha rangi kabla haijatua, na uso unabaki na vinundu.

Lakini rangi hiyo ya hadena ina bei nyingine, na hapa naomba wazee wenzangu mnisaidie kuwaambia vijana, maana wakisikia kwangu peke yangu hucheka.

Kulikuwa na kijana mwenye mkono wa ajabu. Akipuliza rangi, hutaona mahali alipoanzia wala alipoishia. Alijifunga kitambaa puani, kama tunavyofanya sote. Alianza kukohoa usiku. Kisha kifua kikawa kinabana jioni baada ya kazi. Kisha ikafika hali kwamba mtu akifungua kopo la hadena upande wa pili wa gereji, yeye anatoka nje akihema. Leo anauza vipuri Kariakoo, na mkono ule umepotea kwenye ufundi. Hadena hizi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinajulikana duniani kote kwa kuwasababishia mafundi rangi pumu ya kazini, na mwili ukishazikataa, kiasi kidogo mno kinatosha kuleta shambulio. Hazina harufu ya kukuonya. Kitambaa hakizuii. Barakoa ya vumbi haizuii. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba cha rangi, pamoja na glavu na nguo zinazofunika ngozi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na wenye gereji mliopo hapa ndio waajiri wenyewe. Na wewe mwenye gari, ukimbana fundi kwenye bei mpaka senti ya mwisho, jua kwamba kitu cha kwanza anachokiondoa kwenye hesabu ni barakoa.

Sasa limebaki swali ambalo wenye magari hulipenda: rangi gani?

Kila mtu anataka nyekundu. Sijui nani aliwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba gari la michezo ni lazima liwe jekundu. Mama mmoja alituletea 240Z ya marehemu mumewe, ikiwa imepakwa nyekundu zaidi ya mara moja, naye akataka nyekundu tena. Tulipotoa dashibodi ili kufikia kutu ya mfereji wa kioo, tukakuta nyuma yake rangi ya chungwa, safi, haijawahi kuona jua. Tukamwita. Alikaa akaitazama, akasema, "Hii ndiyo niliyochumbiwa nayo, nilikuwa nimesahau." Hakukuwa na mjadala tena. Tulikata kipande cha bati chenye rangi ile, kutoka mahali pasipoonekana, tukakipeleka kwa mchanganya rangi, naye akakisoma kwa mashine kisha akakisahihisha kwa macho, nje, juani, maana taa za dukani hudanganya, hasa kwenye rangi za chungwa na njano.

Kwa hiyo kabla hamjachagua, tafuteni. Nyuma ya dashibodi, chini ya zulia la buti, nyuma ya taa za nyuma, rangi ya kwanza huwa imejificha. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, lina hati yake ya Turin inayosisitiza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukibadilisha, na mimi nakwenda nayo mpaka mwisho wake: gari ambalo bado lina rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imechujuka, imekwaruzwa na ina historia ya mikono ya watu, lisipakwe. Lisafishwe, lizuiwe kutu, liachwe. Najua ninawanyima mafundi wenzangu kazi kwa kusema hivyo. Kazi ya kutosha ipo.

Nimalizie na fedha, kwa sababu ugomvi mwingi wa gereji zetu unatoka huko. Napendekeza tuache kabisa bei moja ya jumla inayoitwa "rangi". Mkataba ugawanywe kwa hatua: kuvua na kukagua, kuchomelea, kunyoosha, praima, rangi, na mwisho nta inayopulizwa ndani ya vizingiti na milango baada ya rangi kukauka, ambayo karibu kila mtu huisahau. Kila hatua ipigwe picha kabla ya kufunikwa na hatua inayofuata, picha zibaki kwa mwenye gari, na malipo ya hatua inayofuata yatoke baada ya yeye kuziona. Fundi mwaminifu hapotezi chochote kwa utaratibu huu. Mteja naye, akishaona kizingiti chake kikiwa wazi kimeoza, huacha kuuliza kwa nini kazi ya bati imezidi kazi ya rangi.

Gari likishatoka, msilipake nta wala polishi kwa wiki kadhaa, mfuate maelekezo ya mtengeneza rangi, kwa maana rangi mpya bado inatoa thina. Msilifunike kwa turubai la plastiki, ambalo hufungia unyevu ndani. Tumieni kitambaa kinachopumua. Wanaokaa kando ya bahari walisuuze kwa maji ya bomba kila wiki, pamoja na chini ya matao. Na kijana anayeosha magari hapo nje ya geti lenu, mkamuulize leo maji yake anayatoa wapi.

Bwana mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Milango miwili iko pale mezani, na msasa upo, kwa yeyote anayetaka kujaribu mkono wake. Maswali ya ufundi nayapokea sasa hivi. Maswali ya bei naomba yasubiri mpaka wenye magari wawe wamekwisha kunywa chai.